Nilisema Naivasha

Injini ile haikuwa na ugonjwa. Naanzia hapo kwa sababu watu wakinisikia hukimbilia kunipa pole kwa kuuziwa kitu kibovu, na mimi sitaki pole nisiyostahili. Ilikuwa injini ya mashua, ndogo, ya nguvu za farasi kumi na tano, kuukuu lakini nzima. Mimi na fundi wangu tuliitibu kwa siku kumi na moja, hapa Mountain View, uani kwangu, mpaka tukaiharibu.

Mama alikuwa akiishi kisiwani kwetu, kaskazini kabisa mwa pwani, nyumba moja na kaka yangu mkubwa. Moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilimvimba, pumzi zilimkatika akipanda ngazi tatu, na hospitali iko ng'ambo ya mkondo, mwendo wa saa nzima kwa mashua yenye injini nzuri. Kaka alikuwa na mashua ya faiba aliyovushia wanafunzi na wagonjwa, lakini injini yake ilikufa, na tangu hapo Mama alivushwa na yeyote aliyetokea kupita. Siku nyingine hakupita mtu. Kaka hakuniomba kitu, si mtu wa kuomba. Aliniambia tu kwenye simu, "Dada, juzi tumekaa gatini tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mama amelalia gunia la mkaa." Gunia hilo la mkaa ndilo lililonitoa nyumbani kwenda kutafuta injini.

Niliipata Kileleshwa, kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa ameihifadhi kwenye stoo ya chini ya ghorofa, pamoja na baiskeli za wajukuu. Alikuwa akienda nayo Kilifi wakati wa likizo. Mzee yule hakunificha kitu. "Kule ilikuwa inakimbia vizuri sana," aliniambia. "Hapa nimeiwasha mara mbili kwenye pipa, naona imechoka. Sijui ni kwa sababu imekaa." Jibu lote la fumbo langu lilikuwa ndani ya maneno hayo, nami niliyapokea kama mtu anavyopokea risiti, nikayatia mkobani na kusahau.

Kazi yangu ni River Road, kwenye duka la kuchapa kadi za arusi, ratiba za mazishi na kalenda za ukutani. Mimi ndiye ninayesoma kila kitu kabla hakijaingia mashineni. Jina likikosewa, ukumbi ukikosewa, kosa ni langu. Nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini na nina sifa ya jicho kali na mdomo mkali zaidi. Wateja wengine humwomba tajiri wangu awahudumie yeye.

Fundi alitoka Kangemi, ng'ambo tu ya barabara. Kazi yake hasa ilikuwa pampu za maji na pikipiki, lakini aliwahi kufanya kazi kwenye maboti ya watalii ziwani, na kila mtu mtaani alimsifu. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mikono haitakati hata anawe vipi. Tuliifunga injini kwenye ukingo wa pipa la bluu lililokatwa mdomo, tukalijaza maji, akavuta kamba. Ikawaka mara ya tatu. Ikanguruma pole bila tabu. Lakini alipoifungulia mafuta ikajikaza, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawa kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Haikuzimika. Ilikosa nguvu tu.

"Hii iko na shida ya kuvuta, mathe," akasema. "Kelele iko, pawa hakuna. Ni ya wapi? Ya lake?"

"Ya Naivasha," nikasema. "Kuna mtu wangu huko."

Nilidanganya, tena bila kusita. Kwetu safari haitangazwi na zawadi haisemwi mpaka imefika. Mama alitulea hivyo. Mimba za dada zake tulizijua siku ya kujifungua. Kaka aliponunua mashua, majirani waliiona ikiwa majini tayari. "Hasidi hana sababu," Mama alikuwa akisema, akitufunga vidomo kwa vidole viwili tulipokuwa wadogo. Nimeishi Nairobi zaidi ya nilivyoishi kwetu, nimesahau mengi, hata lafudhi yangu watu wa nyumbani huicheka, lakini hilo halijanitoka. Mtu akiniuliza ninakwenda wapi, nataja mji mwingine. Yeye alitaja ziwa, ziwa la karibu ni Naivasha, basi nikalishika hilo.

Siku zilizofuata nilijifunza injini kuliko nilivyotaka. Tulimwaga petroli iliyokuwa ndani, maana mafuta yaliyokaa huoza. Tukanunua plagi mpya. Zile kuukuu zilitoka nyeusi, zimelowa petroli, zina masizi kama ya sufuria ya kuni, na zile mpya nazo baada ya nusu saa zikatoka vilevile. Tukafungua kile kiskrubu kidogo juu ya mfuniko wa tangi kinachoingiza hewa, kwa sababu kikifungwa mafuta hayateremki. Kilikuwa wazi siku zote. Fundi akabadilisha mpira wa mafuta. Akafungua kabureta, ile sehemu inayochanganya petroli na hewa, akaiosha kwa mswaki kwenye bakuli langu la unga, nami nikamgombeza kwa ajili ya bakuli. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akaniambia nivute kamba. Kidole kikarushwa. "Compression iko poa kabisa," akasema, na uso wake ukazidi kukunjamana. Mtu anayetafuta ugonjwa hafurahii kuambiwa mgonjwa ni mzima.

Nilikuwa nikitoka kazini mapema kuja kusimama kando ya pipa lile. Moshi uliingia kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, akaja kulalamika, nikamjibu vibaya. Kila jioni kaka alipiga simu kunipa habari za Mama, na kila jioni nilimwambia nina safari ya kikazi, ndiyo maana sauti yangu imechoka. Hata yeye mwenyewe sikumwambia. Nilitaka aione imefika.

Siku ya tisa fundi aliweka spana chini na kuniuliza tena. "Umesema Naivasha, sindio?"

"Naivasha."

"Basi nimejua tutafanya nini. Huko ni juu hata kushinda hapa, hewa ni nyepesi. Hii engine inakunywa mafuta mingi kuliko hewa inapata, ndio maana inachafua plagi. Acha nikuwekee jeti ndogo. Ikunywe kidogo. Utaona vile itavuta."

Jeti ni kipande cha shaba kisichozidi punje ya mahindi, chenye kitundu katikati, na petroli yote hupitia hapo. Ametaja mwinuko, ametaja hewa, ametaja Naivasha mara mbili, na mimi nimesimama mbele yake nimekunja mikono. Niliona haya kumwambia nilimdanganya. Kusema kweli hata haya haikuwa kubwa. Sikuona inahusu nini. Kwangu mimi injini ni injini, kama vile cherehani ikishona Nairobi itashona Lamu.

Alipoiwasha baada ya hapo, ililia vingine kabisa. Safi, kali, maji yakiruka nje ya pipa yakatulowesha wote wawili, moshi hakuna. Nilipiga kigelegele, mimi, mtu mzima, na jirani akachungulia dirishani. Fundi akanipa ile jeti ya kwanza ikiwa imefungwa kwenye kipande cha gazeti. "Weka hii, mathe. Ni ya original, usipoteze." Nikaitia kwenye kopo la vifungo, na siku mbili baadaye injini ikapanda basi.

Kaka alilia kwenye simu. Hakuwahi kulia mbele yangu tangu tulipomzika baba. Mama alichukua simu akaniombea dua ndefu mpaka pumzi zikamwishia, akapumzika, akaendelea. Kisha akacheka na kusema, "Na hukumwambia mtu!" Nikasema sikumwambia mtu. "Mwanangu wewe," akasema.

Kwa majuma kadhaa nilikuwa fundi wa injini kwa njia ya simu. Kaka alinieleza kila kitu nami nilijibu kwa yale niliyoyaona pipani. Inakwenda kasi, mashallah, alisema, haijapata kutokea mashua kuvuka upesi hivyo. Lakini plagi zinatoka nyeupe kama chokaa. Nikamwambia ashukuru, nyeupe ndiyo safi, nyeusi ndiyo ubaya. Wiki moja baadaye akasema ikienda kwa muda mrefu inalegea, inapoteza nguvu katikati ya mkondo, akiipumzisha inarudi. Nikamwuliza kama skrubu ya tangi iko wazi. Iko wazi. Chujio? Amelisafisha. Mpira? Mzima. Oili, maana injini za namna hii hunywa oili iliyochanganywa ndani ya petroli? "Natia kwa kipimo, Dada, tena nazidisha kidogo." Basi ni mawimbi, nikamwambia, na uzito wa abiria. Nilisema hivyo kwa sauti ile ile ninayowaambia wateja kwamba jina la marehemu nimelihakiki.

Habari ilinikuta kazini, nikisoma ratiba ya mazishi ya mtu nisiyemjua. Mama alikuwa ameamka na kifua kimebana, kaka akamtia mashuani pamoja na shangazi yetu, wakaondoka alfajiri ilipopambazuka. Nusu ya njia injini ikaanza kupunguza mwendo. Kaka akaipumzisha. Ikawaka, ikaenda kidogo, ikatoa mlio wa chuma kusagana, ikasimama. Kamba ikakataa kuvutika. Walikaa pale wakichukuliwa na maji, simu hazishiki, jua linapanda, kaka akipiga kasia moja na shangazi akimfunika Mama kwa leso. Mashua nyingine iliwaona karibu na adhuhuri. Mama alikuwa amekwisha kufa, kama saa moja hivi, shangazi alisema. Sijui waliipimaje ile saa moja.

Kwetu maiti hailazwi. Nilipofika kisiwani alikuwa amezikwa tangu jana yake. Nilimkuta kaka amekaa kibarazani na kila aliyekuja kumpa mkono alimwambia maneno mawili kabla ya mengine yote, "Oili nilitia." Fundi wa kule alikuwa ameifungua injini, akakuta pistoni imeungua na kukwama, akatoa hukumu yake mbele ya watu: hii imeendeshwa bila oili, mtu amebania. Neno likaenea kabla hata ya hitima. Wazee walikuwa wakimsikiliza kaka, wanatikisa kichwa, wanasema ni kudra ya Mungu, na wakishafika njiani wanasema mengine. Aliapa. Akatoa kopo la oili akaonyesha limefika wapi. Mwishowe mjomba akamwambia, "Basi, mwanangu, yameshapita," na kwa sauti ile kaka akaelewa kwamba hakuaminiwa. Hakusema tena.

Mimi nilimwamini. Ndiyo sababu nilirudi Nairobi na hasira zangu zote zikiwa zimemlenga fundi wa Kangemi. Sikupita nyumbani, nilishuka nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda chake kando ya barabara, mkoba begani, nikamtukana mbele ya wateja wake. Nilimwambia amemuua mama yangu. Aliacha alichokuwa akifanya, akafuta mikono polepole.

"Pole, mathe. Pole sana. Lakini ilienda aje? Kwani Naivasha kulikuwa na nini?"

"Haikuwa Naivasha. Ilikuwa baharini. Kwetu."

Akajishika mdomo. Akakaa juu ya kreti ya soda. Halafu akanieleza, na alinieleza kwa upole, ingawa ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angenirudishia matusi. Huku juu hewa ni haba, kwa hiyo petroli ile ile inakuwa nyingi kupita kiasi, plagi zinakuwa nyeusi, injini inachoka. Kule chini usawa wa bahari hewa ni nzito. Ukiipeleka na jeti ndogo inapata hewa tele na mafuta kidogo, inakimbia kwa raha siku chache huku inajichoma, plagi zinakuwa nyeupe, ikipata moto inalegea, mwisho pistoni inashika. Na katika injini hizi oili husafiri ndani ya petroli, kwa hiyo ukipunguza petroli umepunguza na oili, hata mtu akitia kipimo na nusu.

"Ungeniambia bahari," akasema, "ningekuambia haina shida. Ile engine ilikuwa poa. Ni hii hewa ya huku tu ilikuwa inaisumbua."

Kwenye kalenda zetu huwa tunachapa methali chini ya kila mwezi, na mimi ndiye ninayezihakiki. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeisoma hiyo nikitafuta herufi zilizoruka, mwaka baada ya mwaka, na nikaipitisha.

Nilimpigia kaka simu siku iliyofuata, saa ya chakula, nimesimama nyuma ya duka kati ya mabunda ya karatasi. Nilimweleza yote, Naivasha, jeti, plagi nyeupe nilizomwambia azifurahie. Nilimsikia akiinuka na kufunga mlango. Kisha akasema, "Usimwambie mtu huku. Mimi wameshanilaumu, nishazoea. Wewe ndiye unayewasomeshea watoto wao, wewe ndiye wanayekusikiliza. Wakikuchukia na wewe tutabaki na nani?"

Nikasema, "Lakini kaka."

"Yaache," akasema.

Na nikayaacha. Ningependa kuandika kwamba nilibishana naye zaidi ya hapo, lakini sikubishana. Nilipokata simu nilihisi nafuu imenishuka mwilini, nafuu tamu, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Nililia sana kwa ajili ya Mama miezi ile, lakini machozi hayo si kitu. Ile nafuu ndiyo inayonitia kinyaa mpaka leo. Nilimwacha ndugu yangu abebe kosa langu kwa sababu alijitolea kulibeba, nikaendelea kupokea simu za shangazi na wajomba wakinisifu kwa injini niliyoinunua na kumsikitikia Mama kwa mtoto mwingine aliyempata.

Wazazi waliwaondoa watoto wao kwenye mashua yake. Hata baada ya kaka kuazima injini ya mtu hawakurudi. Akaanza kubeba mawe ya ujenzi. Sikuambiwa hilo na yeye. Nililisikia kwenye sauti iliyotumwa kwa makosa kwenye kundi letu la simu la ukoo, shangazi akimsimulia mtu mambo ya arusi fulani, na katikati akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "yule aliyemuua mamake kwa kubania oili." Shangazi huyo huyo aliyekuwa mashuani. Ikafutwa baada ya dakika chache. Kaka yumo kwenye kundi hilo.

Nilimwomba anirudishie injini kwa basi. Hakuuliza kwa nini. Fundi wa Kangemi akaitia pistoni mpya, akasafisha kila kitu, nami nikatoa jeti ya kwanza kutoka kwenye kopo la vifungo, bado imo ndani ya gazeti lake. Aliirudisha mahali pake mbele ya macho yangu. Tukajaza lile pipa la bluu. Akavuta kamba, ikawaka, akaifungulia mafuta, nayo ikajikaza, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawa kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Vilevile kama siku ya kwanza. Tulisimama tukiisikiliza ikihangaika.

"Iko sawa," fundi akasema. "Hivi ndio inafaa kulia hapa."

Asubuhi ya kuipeleka stendi nilimwambia jirani wa nguo inakokwenda. Nilimwambia mlinzi wa lango. Karani wa mizigo aliniuliza tu jina la mpokeaji nami nikamweleza kisiwa, mkondo, mashua, mpaka watu wa nyuma yangu wakaanza kuguna. Kisha nikaenda kazini, nikakaa kwenye kiti changu na kuandika kwenye kundi la ukoo. Niliandika kwamba injini imepanda basi leo, inakwenda kwa kaka, baharini. Kwamba mara ya kwanza nilimdanganya fundi kuwa inakwenda Naivasha, naye akaitengeneza kwa hewa ya Naivasha, na ndiyo maana iliungua. Kwamba kaka aliniambia dalili zote na mimi ndiye niliyemwambia hakuna neno. Nikasoma mara mbili kama ninavyosoma kila kitu, nikatuma.

Niliwaona wakiisoma, mmoja baada ya mwingine. Shangazi alianza kuandika, akaacha, akaanza tena, akaacha. Mjomba hakuandika. Hakuna aliyeandika. Mashine ya nyuma ilikuwa ikipiga kadi za arusi, na tajiri akaniita mara mbili sikumwitika.

Kisha jina la kaka likatokea, na chini yake maneno mawili.

"Oili nilitia."